Kuimba Upya Wimbo wa Mwingine Si Uvivu

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba mwanafunzi akiuimba wimbo uliotungwa na mwingine huwa hajifunzi lolote, na kwamba bendi inayopiga kopi ni bendi ya wavivu. Rai hiyo nimeisikia mara nyingi. Kila niisikiapo hudhani kwamba wasemao hivyo hawajapata kuketi wakasikiliza matoleo mawili ya wimbo mmoja, neno kwa neno, kama afanyavyo mtu anayelinganisha lahaja mbili. Nionavyo mimi, ni vigumu kupata somo la lugha lenye utamu kuliko hilo.

Tuutazame wimbo wa "Malaika", ambao hapana shaka kila msomaji wa safu hii anaujua. Fadhili William aliurekodi jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauvusha bahari, na mwaka 1965 akauimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri iitwayo An Evening with Belafonte/Makeba, iliyotunukiwa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Kundi la Boney M. likaufanya wa densi mwaka 1981. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akautia katika santuri yake, Logozo.

Anayezungumza ndani ya wimbo huo ni kijana wa kiume. Anampenda msichana, ila hana mali ya kumtolea mahari. Kiswahili, kama tujuavyo, hakina alama ya jinsia katika nafsi: "yeye" aweza kuwa baba au mama, na "nakupenda" haimfichui asemaye. Lakini ifikapo ndoa, lugha yetu huweka mpaka ambao haikuuweka kwingineko. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Sasa Makeba ni mwanamke, Kidjo ni mwanamke, na wote wawili walikiacha kitenzi cha kuoa kama walivyokikuta. Je, walikosea?

Wapo watakaojibu upesi kwamba hao ni wageni wa Kiswahili waliokariri maneno bila kuyaelewa. Jibu hilo ni jepesi mno. Waswahili wa pwani wamezoea tangu zamani kumsikia mwanamke akiimba shairi la mwanamume. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza mjini Bombay mwaka 1928, aliziimba tungo za washairi wanaume na hakuna aliyemtaka abadilishe vitenzi. Mwimbaji huazima nafsi ya msemaji wa shairi kama mwigizaji avaavyo joho la mfalme. Tatizo lipo tu kwa anayedhani kila "mimi" katika wimbo ni mwenye koo linaloimba, na dhana hiyo, ole wetu, imejaa katika majibu ya mitihani ya fasihi.

Hapa ndipo ninapomwonea wivu mwalimu wa Amukura. Darasani mwake, kati ya Busia na Malaba, wengi wa wanafunzi wameinukia katika Kiteso, lugha ambayo haina uhusiano wa nasaba na Kiswahili na ambayo huibandika jinsia kwenye nomino zenyewe. Mvulana ni etelepat, msichana ni apese, mtoto mdogo ni ikoku: e- ya kiume, a- ya kike, i- isiyo ya kiume wala ya kike. Mwanafunzi huyo akiagizwa kuutia "Malaika" katika Kiteso, hawezi kujificha nyuma ya nafsi isiyo na jinsia. Sharti aamue, tangu neno la kwanza, huyo malaika atavishwa kiambishi gani. Zoezi hilo moja litamfunza mengi kuhusu ngeli kuliko jedwali la ukutani. Tena Mteso haelezwi maana ya mahari. Kwao hesabu hiyo imefanywa kwa ng'ombe, na kijana asiye na zizi anaijua aibu anayoiimba Fadhili William pasi na maelezo ya chini ya ukurasa.

Ukiniuliza ni toleo gani nilipendalo, nitakujibu bila kusita: lile la Makeba na Belafonte. Linakwenda taratibu, maneno yanasikika, na kwa kuwa sauti ni mbili, ya kike na ya kiume, ile hali ya mkono mtupu inapata mtu wa kuitazama. La Boney M. silipendi. Mdundo wake haujui kwamba kuna mtu aliyekosa mke. Hata hivyo nisiwaonee Wajerumani, maana sisi wenyewe huupiga wimbo huo arusini, mbele ya bwana arusi aliyekwisha kulipa, na hakuna anayeona kinaya.

Kuna kuimba upya kwingine ambako hutokana na sikio lililoteleza. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939. Wamarekani walioipata santuri hiyo hawakukishika Kizulu sawasawa. Kauli iliyomaanisha kwamba wewe ni simba ikageuka kuwa "Wimoweh", neno lisilo na maana katika lugha yoyote, na kwa jina hilo kundi la The Weavers likauimba. Mwaka 1961 The Tokens wakautia maneno ya Kiingereza ukavuma dunia nzima. Linda aliaga dunia mwaka 1962 akiwa maskini, na jamaa zake hawakufikia maafikiano kuhusu malipo hadi mwaka 2006. Utelezi wa sikio nausamehe, kwa kuwa ndivyo lugha zinavyokopana maneno siku zote. Ule wa kalamu iliyoliacha jina la mtunzi ni habari nyingine.

Hilo nalo halikuishia Afrika Kusini. "Helule Helule" wa Daudi Kabaka uliimbwa kwa Kiingereza na kundi la Tremeloes la Uingereza mwaka 1968, ukapanda huko hadi katika nyimbo 20 za kwanza. Ni vijana wangapi wanaojua kwamba ulitoka Kenya? "Shauri Yako" tunaukumbuka kwa sauti za Orchestra Super Mazembe, ilhali mtunzi ni Nguashi N'timbo. Na huo "Malaika" wenyewe una mgogoro: mbali na Fadhili William, wametajwa Adam Salim wa Tanzania, Lucas Tututu wa Mombasa na Grant Charo. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haukufa naye.

Nayasema haya kwa sababu shule zetu ni waimbaji wa kopi wakubwa kuliko bendi yoyote. Katika Tamasha ya Muziki ya Kenya, kwaya huchukua wimbo uliopo, zikaupanga sauti upya, zikaubadilisha maneno uhimize amani au upandaji wa miti. Ni kazi njema. Lakini nimeshika mikononi karatasi za programu ambamo jina la mwalimu aliyepanga sauti limepigwa kwa herufi nene na la mtunzi halimo kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake. Palipo na mgogoro, kama kwa "Malaika", yaandikwe majina yote ya wanaotajwa, karatasi haitapasuka.

Wanaoumia zaidi si akina Kabaka, ambao angalau wana santuri za kuwatetea. Ni yule mzee wa Amukura anayepiga akogo, ambaye mwalimu humwendea na kinasa sauti, akaondoka na wimbo alioutunga mzee mwenyewe, kisha akaujaza katika fomu kuwa ni "wimbo wa kimapokeo wa Wateso". Mwalimu, mwulize kwanza ni nani aliyeutunga. Akisema ni yeye, liandike jina lake juu ya lako.