Kigae cha Kichina Mfukoni



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya safari za wanafunzi kwenda Kilwa Kisiwani.

Mimi ni mzaliwa wa Ndundu, penye daraja la Mkapa. Wazee wetu husimulia jinsi abiria walivyolala kando ya Mto Rufiji wakingoja pantoni, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003. Siku hizi Kilwa imekuwa karibu, nasi twaenda na kurudi kama waendao sokoni. Naona wepesi huo umetupunguzia adabu, na sina haja ya kutafuta mfano kwa mwingine, maana mkosaji ni mimi.

Tulipokwenda Kisiwani, darasa zima lilikuwa likisikiliza habari za Msikiti Mkuu. Mimi nikaona chini kigae cha kijani kibichi, laini kama kimepakwa mafuta. Nikakitia mfukoni. Usiku bwenini niliwaonyesha wenzangu, nikasifiwa sana.

Kigae hicho ni cha chombo cha Uchina. Pwani yetu ilijaa vyombo hivyo. Mwaka 1955 Bwana Mortimer Wheeler, mtaalamu wa Kiingereza wa mambo ya kale, alipita kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akasema hajapata kuona vigae vingi vya Kichina kama hivyo. Kule Kunduchi sahani za Kichina zilijengewa katika nguzo za makaburi, ziwe pambo na heshima kwa marehemu. Vyombo vingi havikuletwa na Wachina wenyewe. Vilipita mikononi mwa wafanyi biashara wa Bara Hindi na Arabuni, vikasukumwa huku na pepo za kaskazi. Lakini Wachina nao walifika. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle twiga, na baadaye merikebu za Zheng He, baharia Mwislamu wa Yunnan, zikatia nanga katika pwani hii ya Afrika.

Wenzangu wengi wakisikia neno Mchina humfikiria mjenzi wa barabara au mwenye duka la Kariakoo. Wengine husema, ili kuujua utamaduni wa Uchina sharti upate nauli ya ndege. Mimi nasema sura moja ya habari hizo imelala hapa hapa, na sisi tunaichana ukurasa kwa ukurasa.

Nimeambiwa, "Vigae ni vingi mno, kimoja hakipunguzi kitu." Jibu langu ni hili. Mwaka 2010 wachimbaji wa Uchina na Kenya walipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya shaba ya zama za Yongle. Ilikuwa bado udongoni, basi waliweza kutazama ilikuwa tabaka gani na pamoja na vitu gani. Sarafu ile ile ikiwa mfukoni mwa mwanafunzi ingekuwa kipande cha shaba tu. Hata kwetu Rufiji, mwaka 1999 Profesa Felix Chami aliandika juu ya shanga za Kirumi zilizopatikana katika delta. Je, kama mtoto mmoja angaliziokota mapema akatengeneza mkufu?

Tena kuna sheria, ile ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nami sikuijua nilipoinama. Hapo nawalaumu kidogo walimu wetu, kwa heshima zote: tuliambiwa tuchukue chakula, maji na daftari, lakini hatukuambiwa tusichukue nini. Yafaa jambo hilo lisemwe kabla hatujapanda mashua pale Kilwa Masoko. Yafaa pia safari ziwe za watu wachache, wakae siku mbili, wamsikilize mwenyeji anayeongoza mpaka amalize, badala ya kukimbilia kupiga picha juu ya kuta. Wazazi watauliza fedha zitatoka wapi. Naona ni afadhali kwenda mara moja katika miaka minne, na kwenda vizuri.

Kigae nimemkabidhi mwalimu wetu wa historia. Amekifunga katika karatasi, na ameahidi kukipeleka Kidato cha Tatu watakapokwenda. Aliponiuliza nilikiokota upande gani wa msikiti, nilishindwa kumjibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne