"Baba, Sisi Nyumbani Kwetu Tunafanya Nini?"

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa jua na mwezi, mwenye kuupitisha usiku katika mchana na mchana katika usiku. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Unguja anayeishi na familia yake katika mji wa Leicester, Uingereza, ametuletea swali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa barua ya faragha peke yake. Binti yake wa miaka tisa alialikwa na rafiki yake wa shule kucheza nyumbani kwao. Siku hiyo ilikuwa tarehe 21 Disemba, wakati ambapo usiku wa nchi ile ni mrefu kuliko wote wa mwaka na jua huchwa kabla ya saa kumi jioni. Wenyeji wake walizima taa zote, wakakaa kimya gizani, kisha mtoto mdogo wa nyumba ile akawasha mshumaa juu ya meza iliyopambwa majani mabichi. Wakageukia pande nne za dunia wakiombea amani, wakagawana mkate, wakasimuliana hadithi. Binti akarudi kwao na kuuliza: "Baba, sisi nyumbani kwetu tunafanya nini?" Ndugu yetu anasema alikuwa tayari kukemea, lakini swali lile lilimfunga mdomo.

Ndugu Waislamu, kabla ya kutoa hukumu ni wajibu kuujua ukweli. Watu wale hujiita Wadruidi. Jina hilo ni la makuhani wa Wakelti wa kale, waliokuwako Ulaya ya magharibi kabla ya Warumi kuitawala. Julius Caesar aliandika kwamba wanafunzi wao wengine walihifadhi mafundisho kwa moyo hadi miaka 20, kwani hawakuruhusu elimu yao iandikwe. Kwa sababu hiyo hawakuacha kitabu hata kimoja, na habari zao nyingi tumezipata kwa Warumi waliokuwa maadui zao.

Wadruidi wa leo ni jambo jingine. Uamsho wao ulianza karne ya 18. Mwaka 1792 mshairi wa Wales aliyejiita Iolo Morganwg alifanya mkutano wa ibada katika kilima cha Primrose Hill, London, na baadaye wataalamu wakathibitisha kwamba maandishi mengi aliyodai ni ya kale aliyatunga mwenyewe. Hata mawe ya Stonehenge, ambako maelfu hukusanyika kila Juni kutazama jua likichomoza, yalisimamishwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Wadruidi kutajwa popote katika historia. Nao mzunguko wa sikukuu nane, yaani siku nne za vituo vya jua na nne za misimu ya kilimo na mifugo, ulipangwa hivyo katikati ya karne ya 20. Ross Nichols, mmoja wa walioupanga, aliunda jumuiya yake ya Wadruidi mwaka 1964.

Si watu wengi. Katika sensa ya mwaka 2011 ya Uingereza na Wales, waliojiandikisha kuwa Wadruidi walizidi kidogo 4,000. Wala hawana itikadi moja: wako wanaoabudu miungu mingi, na wako wanaosema hiyo ni falsafa tu ya kuyapenda maumbile. Kwa kuwa ni wachache na wametawanyika, wengi wao ibada zao hufanyika nyumbani, mezani au bustanini, pamoja na watoto. Mwishoni mwa Oktoba huweka sahani kwa ajili ya jamaa waliokufa, mwanzoni mwa Februari huwasha mishumaa, na mwanzoni mwa Agosti huoka mkate wa mavuno mapya.

Sasa tuseme wazi. Muislamu hashiriki katika ibada hizo, wala hampeleki mwanawe kushiriki, hata akiambiwa kwamba ni mchezo. Katika Suuratu Fussilat, aya ya 37, tumekatazwa kulisujudia jua na mwezi, tukaamrishwa kumsujudia Aliyeviumba. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo tangu zama za ujahili, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora zaidi: Idi ya kuchinja na Idi ya kufungua. Hakuziacha siku zile ziendelee kwa hoja ya kwamba ni mila tu za wazee.

Atasema msemaji: hawa wanayapenda maumbile, ubaya uko wapi? Tunajibu kwamba kuyapenda maumbile si kosa. Kosa ni kumshukuru mjumbe aliyeleta zawadi na kumsahau aliyemtuma.

Hata hivyo hukumu hii isigeuzwe kuwa kisingizio cha dhulma. Suuratu Mumtahina, aya ya 8, imetufunza kwamba hatukukatazwa kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini. Jirani yule hakumtega mtoto wa watu. Alimkaribisha mezani kwake. Ndugu yetu aende kwake kwa adabu, amshukuru kwa ukarimu, amweleze kwamba siku za ibada zao binti yake hatahudhuria, kisha yeye amwalike chakula. Urafiki wa watoto usivunjwe.

Tukifika hapo, wengi watadhani swali limekwisha. La hasha! Mtoto hakuuliza hukumu ya Wadruidi. Ameuliza habari za nyumbani kwake.

Na hapa, ndugu zangu, sote tumeguswa, wa Leicester na wa Dar es Salaam, wa Mombasa na wa Unguja. Watu wachache, wasio na kitabu wala msururu wa mapokezi, wameng'amua kwamba dini isiyoonekana nyumbani mtoto haioni kuwa ni yake. Sisi tulioteremshiwa Qur'ani tumefanya nini? Mtoto tumemkabidhi kwa maalimu wa chuoni, baba yuko barazani, mama yuko mbele ya runinga. Idi imekuwa nguo mpya na pilau. Kisha kijana akipotea tunailaumu Ulaya!

Wala tusijione tuko mbali na sherehe za jua. Kila mwaka mwezi wa Julai, Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, ambao asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Nyumba ya makuti huchomwa moto na wanaume hupigana kwa mashina ya migomba. Wanaoitetea husema ni mila tu. Anayeshangaa mshumaa wa Leicester na ajiulize kuhusu moto wa Makunduchi.

Hatuwaiti watu wabuni sherehe mpya ili kushindana na majirani. Hilo nalo ni uzushi. Tunachohitaji tunacho. Jua limefanywa kuwa saa ya sala zetu, na mwezi mwandamo kuwa kalenda yetu. Tumekatazwa kusali sala za hiari jua linapochomoza, linapokuwa utosini na linapokuchwa, tusije tukafanana na wanaoliabudu. Mwaka wetu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Muislamu humwabudu Mola wake katika joto na baridi, mchana mrefu na mfupi, na hakuna msimu unaoweza kudai kuwa ndio mtukufu kwa sababu ya jua lake.

Basi tunamnasihi ndugu yetu, na kila mzazi, mambo manne. Kwanza, sala za jamaa nyumbani: msikiti ukiwa mbali, asimame na wanawe Magharibi na Isha, na sala zake za sunna wazione. Pili, atoke nao nje kila mwezi kuutafuta mwezi mwandamo na kusoma dua yake; mtoto hatasahau baridi ile wala mkono wa baba yake. Tatu, sadaka za Ramadhani na Idi zipitie mikononi mwa watoto, na sahani ya futari iwafikie majirani, hata yule wa mishumaa. Nne, msimu wa baridi usiwe wa kulala tu. Wema waliotangulia waliufurahia, kwa kuwa usiku wake ni mrefu kwa kisimamo na mchana wake ni mfupi kwa funga. Asiuteue usiku wa tarehe 21 kwa ibada maalumu, bali azoeshe nyumba yake kuamka katika siku za msimu mzima. Saumu ya Jumatatu moja ya Disemba, ambayo futari yake iko kabla ya saa kumi jioni, hata binti wa miaka tisa anaweza kuijaribu kwa furaha akiwa mezani na wazazi wake.

Hapo atakapouliza tena, baba hatahitaji maneno mengi. Atamwambia: "Mwanangu, umekwisha ona."

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za ibada wala si makaburi, na atupe wake na watoto watakaokuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.