Hija Bila Mwongozaji Ni Nusu Safari



Parokia nyingi za Dar es Salaam, Pwani na Morogoro hukodi makosta kwenda hija Bagamoyo. Ratiba ya safari hizo inajulikana: Rozari ndani ya gari, Misa Takatifu, sala kwenye msalaba wa ufukweni, chakula cha pamoja, picha, kisha kurudi kabla giza halijaingia. Muda unapokuwa mfinyu, jambo la kwanza kukatwa ni ile saa moja ya kuzunguka makumbusho ya misheni pamoja na mwongozaji. Watu hupita nje ya jengo, wakasoma kibao cha mlangoni, wakaendelea na safari.

Sisi mafrateri wa mwaka wa falsafa tumelizungumza jambo hili mara nyingi, na tunaandika kuitetea saa hiyo moja.

Wanaoikata wana sababu zao, na si za kudharauliwa. Wanasema hija ni sala, si utalii. Wanasema kiingilio na ada ya mwongozaji ni mzigo kwa mama wa jumuiya aliyechanga nauli kwa miezi mitatu. Wengine wanasema waongozaji wamekariri, wanarudia maneno yale yale kama kanda. Tutazijibu sababu hizo, lakini kwanza tuwakumbushe wasomaji wetu habari iliyo katika Matendo ya Mitume sura ya 8. Towashi Mwethiopia alikuwa ameketi garini akisoma kitabu cha nabii Isaya. Macho alikuwa nayo, maandiko alikuwa nayo, na njia aliyokuwa akipita ilikuwa ya kurudi kutoka kuabudu Yerusalemu. Hata hivyo alikiri kwamba hawezi kuelewa bila mtu wa kumwongoza. Filipo alipanda, akaketi naye, akamweleza, na safari ile ikaishia katika ubatizo. Kama huyo aliyetoka hija alihitaji mfafanuzi, sisi ni nani hata tujione hatumhitaji?

Mahali pa kale ni kama maandiko. Hapajisemei penyewe. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, anaeleza kwamba ishara ni kitu kinachotufanya tufikirie kitu kingine. Asiyejua ishara ile inaashiria nini ataona kitu tu. Mnyororo bila maelezo ni chuma chenye kutu.

Tuchukue jina lenyewe la Bagamoyo. Wengi wetu tulifundishwa tangu shule ya msingi kwamba linatokana na kilio cha mtumwa anayeubwaga moyo wake hapo, kwa kuwa mbele yake ni bahari na hatarudi tena kwao. Lakini yapo maelezo mengine: kwamba ni neno la wapagazi, waliotembea miezi mingi kutoka bara wakibeba pembe za ndovu, na walipofika pwani waliutua mzigo na kuutuliza moyo. Maelezo ya kwanza yanatufanya tulie, ya pili yanatufanya tupumue. Mwongozaji mzuri huyaeleza yote mawili, kisha huwauliza mahujaji: kwa nini sisi tulipenda kukumbuka lile moja? Hapo ndipo akili ya mtu inapoamka. Mmarekani Freeman Tilden, aliyeandika mwaka 1957 juu ya kazi ya kufafanua mbuga na maeneo ya historia, alishikilia kwamba lengo kuu la kazi hiyo si kumjaza mgeni habari bali kumchokoza afikiri. Waalimu wetu wa falsafa wangekubaliana naye.

Tuchukue pia mnara wa kanisa la zamani pale misheni. Kila mtu anajua kwamba mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo Februari 1874. Mhujaji asiyeongozwa ataondoka na jina hilo moja, la Mzungu. Lakini Livingstone alikuwa amefariki tangu Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliouleta mwili wake ni Waafrika. Chuma na Susi walikuwa viongozi wao, Jacob Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko pale moyo wake ulipozikwa, na Halima, mpishi wake, alikuwamo katika msafara. Walitembea miezi kadhaa, zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, ofisa Mwingereza aitwaye Cameron aliwashauri wamzike hapo. Walikataa. Walikuwa wameamua kumfikisha kwa watu wake, na wakamfikisha. Uaminifu huo hauonekani kwa kuutazama mnara. Ni lazima mtu asimame chini yake na kuyataja majina hayo kwa sauti, hasa mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu, ili wajue kwamba katika historia ile babu na bibi zao hawakuwa mizigo wala wasindikizaji.

Sasa tufike penye ugumu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, kwa kuwanunua, wakawafundisha dini, kilimo na ufundi, na kwa ajili yao wakaanzisha Kijiji cha Uhuru. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Makaburi ya wamisionari waliokufa wangali vijana yapo pale pale kutuonyesha gharama waliyolipa. Lakini kuna upande mwingine. Padre Paul Kollman wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya uinjilishaji wa watumwa Afrika Mashariki, anaonyesha kutokana na kumbukumbu za wamisionari wenyewe kwamba maisha ya waliokombolewa yalikuwa chini ya utaratibu mkali, na kwamba wapo waliotoroka.

Je, mwongozaji aseme hayo mbele ya mahujaji? Tunasema ndiyo, aseme. Wapo wanaohofu kwamba waamini watakwazika. Lakini Mtakatifu Yohane Paulo II alipokwenda kisiwa cha Gorée, Senegal, Februari 1992, hakwenda kupiga picha. Alisimama katika nyumba walimopitishwa watumwa na kuomba msamaha kwa dhambi ya Wakristo walioshiriki biashara ile. Kanisa halikuanguka. Linaloliangusha Kanisa ni kijana kusikia ukweli huo kwanza mtaani, kutoka kwa mtu anayelichukia, baada ya miaka mingi ya kupewa nusu yake na sisi wenyewe. Na tusisahau kwamba yule aliyetoroka kijijini naye alikuwa mtu mwenye utashi huru, sura ya Mungu. Kumtaja ni kumheshimu.

Hali ni hiyo hiyo katika hifadhi zetu. Vijana wa parokia wanaobahatika kufika Ngorongoro huteremka bondeni kuona simba, wakapita makumbusho ya Olduvai bila kushuka. Humo wangekuta nakala ya nyayo za Laetoli, zilizoachwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita na viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Kijana wa kidato cha nne akielezwa vizuri pale, na padre au frateri akawepo kumkumbusha kwamba Papa Pius XII tangu mwaka 1950 aliruhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu huku imani ikishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, atarudi nyumbani na imani pamoja na sayansi. Asipoelezwa, siku moja atadhani ni lazima aache kimojawapo.

Turudi kwa sababu za wanaoikata ile saa. Hija ni sala, kweli. Lakini sala ya mtu anayejua amesimama wapi ina uzito wake. Litania ya kuwaombea marehemu hubadilika ukishajua aliyelala hapo ni nani. Kuhusu fedha, tunashauri ada ya mwongozaji ihesabiwe pamoja na nauli tangu siku ya kwanza ya michango, kabla ya fulana na kabla ya soda. Ikigawanywa kwa watu wote wa kosta, haiwi mzigo wa mtu mmoja. Kuhusu waongozaji waliokariri, dawa ni kuwauliza maswali. Mwongozaji asiyeulizwa hana sababu ya kusoma zaidi. Kikundi kikifika kimejiandaa, naye hujiandaa kwa kikundi kijacho.

Kwetu mafrateri kuna wajibu wa ziada. Kesho tutapangiwa parokia, na karibu kila parokia ya zamani ina kaburi lisilo na jina, kengele iliyoletwa na wapagazi, au mwembe ambao katekista wa kwanza alifundishia chini yake. Wazee wanaojua habari hizo wanaondoka mmoja mmoja. Likizo ijayo kila mmoja wetu akae na mzee au bibi mmoja wa parokia yake, aandike majina na miaka, na Jumapili moja baada ya Misa, kwa ruhusa ya paroko, awatembeze watoto wa Kipaimara na kuwaeleza. Hiyo haihitaji kiingilio.

Nanyi wenyeviti wa jumuiya mnaopanga hija ya mwaka huu, tunawaomba jambo moja tu. Ratiba ikibana, punguzeni muda wa picha. Saa ya mwongozaji iacheni.