Makosa ya vibonzo tusimtwike mchoraji

Watazamaji wa vibonzo vya televisheni huangua kicheko waonapo mhusika akibadilika rangi ghafla, akinena kwa sauti ya mwenzake, au mkono wake ukitoweka na kurudi. Kicheko kikiisha hufuata hukumu: mchoraji ni mzembe. Hukumu hiyo haina uadilifu.

Tuchukue mfano wa The Transformers, mfululizo ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1984. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 16, na wa pili vipindi 49. Jumla yake, 65, haikuzuka tu. Kituo kilichoonyesha kipindi siku tano kwa wiki kilihitaji akiba ya wiki 13. Hesabu ya biashara ilitangulia, uwezo wa mafundi ukalazimishwa kuifuata.

Na kazi yenyewe si haba. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Hata kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, dakika 22 hudai michoro 15,840. Ndiposa studio zenye fedha kidogo huutuliza mwili na kuchezesha mdomo pekee, au hurudia michoro ya zamani. Enzi hizo rangi ilipakwa kwa mkono juu ya karatasi angavu za plastiki, zikapangwa tabaka juu ya tabaka chini ya kamera. Karatasi moja ikisahauliwa, mkono hutoweka. Isitoshe, Starscream, Skywarp na Thundercracker walikuwa na umbo moja, wakitofautishwa kwa rangi. Kukosea kopo la rangi kulitosha kumgeuza mmoja kuwa mwingine.

Fauka ya hayo, hadithi iliandikwa Marekani, michoro ikafanywa Japani katika studio ya Toei, na baadaye pia Korea Kusini katika studio ya AKOM. Kusahihisha kosa kulimaanisha kuchora upya, kupiga picha upya na kusafirisha filamu tena kutoka ng'ambo, ilhali siku ya maonyesho ilikuwa mlangoni. Hivyo mara nyingi kosa halikupita kwa sababu ya upofu. Lilipimwa, likaonekana nafuu kuliko marekebisho. Kipindi "Carnage in C-Minor" cha mwaka 1986 hukumbukwa na mashabiki kwa makosa yake kuliko kisa chake.

Watakuwapo wasemao kwamba watoto hawajali. Kinyume chake, mtoto hutazama kipindi kimoja mara kumi, na ndiye huwa wa kwanza kuuliza kwa nini shujaa wake amebadilika rangi.

Leo kompyuta imepunguza makosa ya rangi, lakini haijaongeza siku katika kalenda. Jambo hili latuhusu. Tinga Tinga Tales, vibonzo vilivyoonyeshwa na BBC kuanzia mwaka 2010, vilitengenezwa Nairobi, na vijana wetu wangali wanaitafuta kazi ya aina hiyo kutoka ng'ambo. Watiapo saini mikataba, wasiangalie malipo ya kila dakika tu. Wadai siku za ukaguzi na malipo ya marekebisho, yaandikwe bayana. Bila hayo, mwenye fedha ataokoa fedha zake, na aibu itabaki na aliyeshika kalamu.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.