Muziki wa Sauti Zilizonaswa si Kelele

Wako wenzetu wasemao kwamba muziki utungwao kwa kunasa sauti mbalimbali na kuzipandanisha kwa mashine si muziki bali ni kelele, tena ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Kwa ajili hiyo hawataki kazi za namna hiyo ziingizwe katika mashindano ya muziki ya mabweni yetu. Mimi naona hoja hizo si za kweli, na zatunyima elimu njema.

Kwanza tuangalie hilo la Wazungu. Wengi huanza habari hii mjini Paris mwaka 1948, ambapo Pierre Schaeffer, injinia wa redio ya Ufaransa, alinasa ngurumo na miluzi ya magarimoshi stesheni, akatunga kwazo kipande kifupi. Lakini miaka minne kabla yake, yaani mwaka 1944, kijana wa Misri jina lake Halim El-Dabh, aliyesomea kilimo, aliazima kutoka studio ya redio mjini Cairo mashine inasayo sauti juu ya waya. Akanasa sauti za wanawake katika ngoma ya zar, ambayo huchezwa ili kumtibu mtu mwenye pepo. Kisha studioni akaipunguza ile sauti ya msingi, akaongeza mwangwi, hata sauti za wale wanawake zikawa kitu kipya kabisa. Baadaye alihamia Marekani, akaendelea na kazi hiyo hata akasifika, akafariki mwaka 2017. Basi, Mwafrika alikuwa miongoni mwa walioifungua njia hii. Twawezaje kuiita ya wageni?

Pili, hilo la kelele. Kelele ni sauti zisizo na mpango. Hapa Uganda tunayo amadinda, marimba ya Buganda yenye mbao kumi na mbili. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana, kila mmoja akiingiza pigo lake katika nafasi aliyoiacha mwenziwe, na wa tatu huongeza yake kwa mbao mbili tu. Katika kuchanganyika huko msikilizaji husikia tuni ambazo hapana mpigaji hata mmoja azipigaye peke yake. Mtungaji wa sauti zilizonaswa hufanya kazi iyo hiyo: huweka mlio wa kinu chini, mvua juu ya bati katikati, na filimbi juu, mpaka kutokea jambo lisilokuwamo katika sauti yoyote ikiwa peke yake. Wazee wetu waliyajua hayo kabla ya umeme.

Wengine husema mashine ndiyo itungayo, mtu hana kazi. Sivyo. Jembe halichagui mbegu. Mashine hunasa kila kitu, kizuri na kibaya, kikohozi pamoja na wimbo. Sikio la mtu ndilo lichagualo, tena ndilo likatalo. Nakubali kwamba ziko kazi mbovu, ambazo mtungaji amerundika sauti kama takataka. Lakini hata kwaya mbovu ziko, wala hatujapiga marufuku kwaya. Kipimo chake ni rahisi: ondoa sauti moja, kisha sikiliza tena. Ikiwa hapana kilichopungua, sauti hiyo haikuwa na kazi.

El-Dabh aliazima mashine kubwa ya redio. Sisi leo tunayo kompyuta ya shule, na simu nyingi zaweza kunasa sauti. Kwa hiyo nawaomba walimu wetu waheshimiwa na viongozi wa mabweni waziruhusu kazi hizi katika mashindano yajayo, zihukumiwe kwa sheria zile zile za mpango, uzuri na bidii. Zikishindwa, zishindwe baada ya kusikilizwa.