Besi Ijifunzwe kwa Sikio na Kalamu

Katika taarabu macho ya wasikilizaji huenda kwanza kwa mwimbaji, kisha kwa wapigaji wa fidla na kanuni. Mpiga besi huonekana mwisho, kama anaonekana. Hata hivyo akinyamaza kwa pigo moja tu, kundi zima hutambua kwamba sakafu imeondoka chini ya miguu yao. Leo tunakusudia kusema juu ya mtu huyo asiyetazamwa, na hasa juu ya namna vijana wetu wa Unguja na Pemba wanavyojifunza kazi yake. Maana njia inayofuatwa na wengi ni ya mkato, na hasara yake si ya kijana peke yake.

Nasema haya kwa kuwa yalinipata mwenyewe. Nilipokuwa kijana katika kikundi cha mtaani nilipewa karatasi yenye mistari minne na tarakimu: uzi huu bonyeza mahali pa 3, uzi ule pa 5. Baada ya majuma mawili nikawa napiga nyimbo sita, kichwa kikanivimba. Usiku mmoja harusini mwimbaji alikuwa na mafua, akaomba wimbo ushushwe hatua moja. Wenzangu wakashuka. Mimi nikabaki juu na tarakimu zangu. Mzee mmoja mpiga sanduku, ambaye kidumbaki chake kilikuwa kimetangulia jioni ile, akaniashiria niweke kiganja juu ya nyuzi nizinyamazishe. Kisha akauvuta uzi wake wa pekee, akaitafuta ile sauti mpya, akaipata, na wimbo ukaendelea. Uzi mmoja ulifanya yaliyozishinda nyuzi nne. Nilikuwa nimejifunza karatasi, muziki sikuujua.

Njia tunayoitetea si ngeni kwa aliyepita chuoni na skuli. Chuoni tulisikiliza kinywa cha maalim, tukarejea, tukakosolewa, tukarejea tena; kanuni za matamshi tulielezwa baadaye. Skuli tulifanya imla. Basi na kijana wa besi achukue wimbo mmoja uliorekodiwa, ausikilize mpaka aweze kuiimba sehemu ya besi kwa kinywa, gitaa likiwa bado ukutani. Asiyeweza kuiimba hajaisikia, anabahatisha. Ndipo aandike, kidogo kidogo, mapigo manane hivi kwa mara moja: kwanza mwendo na mahali pa kimya, kisha sauti zenyewe. Mahali pa kimya ndipo penye ufundi, napo ndipo wanapopasahau wengi.

Jambo moja linahitaji tahadhari. Uzi mnene kabisa wa besi hutetema karibu mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Kinachosikika ni vivuli vyake vya juu tu. Mwanafunzi huandika kivuli akidhani ameandika mtu. Avae spika nzuri za masikioni. Wapigaji wa zamani wenye mashine za utepe walikuwa na hila yao: waliuendesha utepe kwa mwendo maradufu, besi ikapanda oktava nzima na kusikika waziwazi. Siku hizi simu zina programu za kupunguza mwendo bila kushusha sauti, nazo ni msaada wa haki. Zipo pia zinazodai kuandika noti zenyewe. Hizo aachane nazo, kwa sababu aliyeandikiwa imla na jirani yake hajafanya imla.

Akishazipata sauti, limebaki swali la mkono. Sauti ya la hupatikana kwenye uzi wa pili ukiachwa mtupu, na hupatikana pia kwenye uzi mnene ukibonyezwa mahali pa tano. Ni sauti moja, lakini rangi yake ni mbili. Kwa nini mpigaji alichagua hii akaiacha ile? Kijana anayejiuliza hivyo amekwisha kuingia katika fikra za mtu aliyepiga, na hakuna karatasi ya tarakimu itakayompeleka huko.

Tuchukue mfano wa James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 na kukulia Edisto, kisiwa cha pwani ya South Carolina, Marekani. Inasimuliwa kwamba utotoni alifunga mpira kwenye kijiti, akakisimika penye kichuguu na kuupiga ili sisimizi wacheze. Msomaji wa kwetu ataona papo hapo kwamba chombo hicho ni ndugu wa sanduku letu. Mwaka 1954 alihamia Detroit, na katika miaka ya 1960 akapiga besi katika nyimbo nyingi mashuhuri za kampuni ya Motown, mkono wa kulia akitumia kidole kimoja tu. Dunia nzima ilicheza kwa besi yake bila kulijua jina lake, kwani kampuni haikuwa na desturi ya kuwaandika wapigaji kwenye majalada. Mabadiliko yalikuja na albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On. Alifariki mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 47.

Kilichomrudishia haki yake ni kalamu. Mwaka 1989 mpiga gitaa Allan Slutsky alitoa kitabu kiitwacho Standing in the Shadows of Motown, chenye maisha ya Jamerson pamoja na besi zake zilizonakiliwa noti kwa noti kutoka kwenye rekodi. Mwaka 2002 ikafuata filamu yenye jina hilohilo. Leo mwanafunzi wa besi aweza kuona kwa macho jinsi mtu yule alivyozitumia nyuzi tupu kama daraja la kuvukia kutoka sauti hadi sauti.

Watakuwapo wakubwa watakaosema kwamba tunawafundisha vijana kuiga wageni. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake: anayenakili Detroit peke yake atasikika kama Detroit. Ndiyo sababu tunataka rekodi za visiwani ziwe za kwanza mkononi mwake. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu mwaka 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Kijana aandike besi ya taarabu, na akikuta robo-sauti ya Bayati ambayo gitaa lenye freti haliwezi kuitoa, atajua kwa nini besi kubwa ya kusimama ilipendwa, au atatafuta gitaa lisilo na freti. Wapigaji wa sanduku wako katika hali mbaya zaidi, kwani aghalabu hawana hata hilo jalada ambalo jina lao lingekosekana.

Yule mzee wa harusini amekwisha kufariki. Nilisimama karibu naye usiku mzima, na sikuandika hata mstari mmoja.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa redio ya Serikali na wa Idara za Utamaduni na Elimu wafanye jambo dogo. Kanda za zamani hazivumilii joto na hewa ya chumvi. Zinakiliwe, na nakala ziwekwe katika chumba ambamo mwanafunzi mwenye penseli anaruhusiwa kuketi, bila kuzungushwa na barua za kuomba ruhusa mezani kwa huyu na yule. Vinatosha viti vichache na spika za masikioni, ambazo bei yake haifiki ya gitaa moja. Na kila ukurasa ukiisha kuandikwa, upelekwe kwa mpigaji mwenyewe aliye hai, apigiwe, aseme ni wapi kijana amekosea.