Daftari la Mfanyakazi Lisomwe na Wengi



Msimu mmoja wa tumbaku, katika ghala moja la huku kwetu ambalo hatutalitaja, kina mama waliokuwa wakichambua majani walikwenda kupokea malipo yao. Karani akafungua kitabu chake. Kumbe siku zimepungua: huyu siku 4, yule siku 6. Kila aliyelalamika aliulizwa, "Umeandika wapi?" Mmoja tu ndiye aliyekuwa na jibu. Alitoa kikapuni daftari la shule la mwanawe, na katika kurasa za nyuma alikuwa ameandika kila siku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na idadi ya marobota. Yeye alilipwa siku zake zote. Wenzake walirudi nyumbani na kilio chao.

Jambo hili tumelizungumza mara nyingi katika mikutano yetu ya Arua na Koboko, na kila mara tunafika palepale. Nyapara ana kitabu, mwajiri ana kitabu, serikali ina kitabu. Mfanyakazi ana mdomo tu, na maneno ya mdomo huondoka na upepo.

Leo twataka kusema juu ya daftari la namna nyingine, ambalo vijana wetu huliita blogu. Wazee wengi hudhani kuwa huo ni mchezo wa wanafunzi wa Kampala. Sisi twasema kuwa ni chombo cha kazi, kama jembe na panga.

Blogu ni nini? Ni daftari lililowekwa kwenye intaneti. Kila habari ina tarehe yake, na habari mpya hukaa juu ya ile ya zamani. Mwenye simu ya intaneti aweza kuisoma, awe Arua, awe Ariwara ng'ambo ya mpaka wa Kongo, awe Kakira kwenye miwa. Naye aweza kuandika jibu lake chini. Huduma kama Blogger, iliyoanza mwaka 1999, na WordPress, iliyoanza mwaka 2003, humpa mtu nafasi ya kuandika bila malipo. Anachohitaji ni simu, anwani ya barua pepe na bando dogo.

Wengine watauliza: je, kundi la WhatsApp halitoshi? Halitoshi. Kundi ni kama mazungumzo ya chini ya mwembe: ni mazuri, lakini ujumbe wa juzi umekwisha kufunikwa na salamu na picha, na simu ikiibiwa mengi huenda nayo. Blogu huhifadhi yaliyoandikwa, na hata asiye wa kundi letu aweza kuyapata.

Wala Kiswahili si kigeni katika kazi hiyo. Ndesanjo Macha wa Tanzania alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili, akaiita Jikomboe. Mpiga picha Issa Michuzi alifuata mwaka 2005, na Watanzania walioko ng'ambo wakapata habari za nyumbani kwake. Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku, mwanasheria Ory Okolloh alikusanya katika blogu yake habari alizotumiwa na wananchi. Kutokana na kazi hiyo, mapema mwaka 2008, ulizaliwa mtambo wa kukusanya habari ulioitwa kwa neno letu wenyewe: Ushahidi.

Sisi wa West Nile tuna sababu zaidi ya kushika kalamu. Babu na baba zetu walikwenda kukata miwa ya Kakira na Lugazi tangu kabla reli haijafika Pakwach mwaka 1964. Vitabu vya mashamba viliandika idadi yao na uzito wa miwa yao. Wao wenyewe, jinsi walivyolala, walivyougua na walivyozikana, wachache sana ndio walioandika. Tena baada ya mwaka 1979 tulikimbilia Zaire na Sudan, na mwezi Juni 1981 watu waliuawa katika misheni ya Ombaci, hapa Arua. Kwa miaka mingi wengine ndio walioueleza ulimwengu kuwa sisi ni watu wa namna gani. Asiyeandika huandikiwa.

Faida za blogu ya tawi ni tatu. Kwanza ni ushahidi. Sheria ya Ajira ya 2006 humpa mfanyakazi haki ya kupewa maandishi yanayoonyesha mshahara wake na makato yake. Aliyefukuzwa bila haki hupeleka malalamiko yake kwa ofisa wa kazi ndani ya miezi 3. Wengi hukosa haki kwa sababu hawakujua hesabu hiyo ya miezi. Mwenye tarehe zake mkononi hapotezi muda.

Pili ni kujuana. Mpakiaji wa Koboko asiyejua mwenzake wa Arua analipwa nini atapokea chochote atakachopewa. Yakiandikwa malipo ya kila mahali, nguvu ya kudai huongezeka.

Tatu ni mafundisho. Wangapi kwetu wanajua kuwa kichefuchefu na kizunguzungu cha mchuma tumbaku mara nyingi hutokana na nikotini inayopenya ngozini kutoka kwenye majani mabichi yenye umande? Nguo kavu, glovu na kunawa mikono hupunguza hatari hiyo. Maneno machache kama haya huokoa afya ya mtu.

Hatusemi kuwa njia ni nyeupe. Gharama ipo. Mwezi Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Piga hesabu: siku 30 ni shilingi 6,000, sawasawa na kima cha chini cha mshahara wa mwezi kilichowekwa mwaka 1984! Bunge lilipitisha muswada wa kubadili utaratibu wa mshahara huo mwaka 2019, lakini Rais hakuutia saini. Kodi ile ya mitandao iliondolewa mwaka 2021, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando. Kwa hiyo tawi lichange: simu moja, bando moja, blogu moja ya wote.

Hatari nayo ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 iliongezewa makali mwaka 2022. Kweli, mwezi Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 ambacho kilikuwa kimewafunga watu kwa maneno yao. Lakini hilo si ruhusa ya kutukana. Tena mwaka 2020 Tume ya Mawasiliano ilitangaza kuwa wanaotoa habari mtandaoni hawana budi kupata kibali. Kwa hiyo tawi liulize ofisi ya chama kabla ya kufungua, kisha lifuate kanuni hizi:

Andika uliyoyaona, si uliyosikia. Weka tarehe na mahali. Usitaje jina la mtu kabla chama hakijashika shauri lake. Usitoe picha ya mwenzako bila ridhaa yake. Watu 3 wa kamati wasome kwanza, na jina liwe la tawi, asije mmoja akafukuzwa peke yake kwa ajili ya wote.

Ndugu mwenye kusoma, usingoje mafunzo. Anza usiku huu na daftari la karatasi: tarehe, saa, kazi, malipo. Ukifikisha mwezi mmoja, lilete katika mkutano. Vijana wetu watayapeleka mbele, nasi wazee tutawasimulia ya zamani wayaandike. Na siku karani atakapouliza tena "Umeandika wapi?", tujibu sote kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu!